Maji ya Moto Kabla ya Sindano

Keki waliyonikatia siku ya kuniaga ilikuwa na picha ya nesi aliyevaa kofia nyeupe yenye msalaba mwekundu. Katika miaka yangu yote ya kazi hapa Doha sijawahi kuvaa kofia ya namna hiyo, wala sijamwona aliyeivaa, ila kwenye keki. Nilikula kipande changu, nikashukuru, kisha msimamizi wa mafunzo akaniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya wanafunzi wapya wa uuguzi. "Kitu cha kuwatia moyo, Mama Wakio," akasema. Nimekaa na ombi hilo hapa chumbani kwangu Al Mansoura, nimezungukwa na maboksi ya kurudi nayo nyumbani Wundanyi, na nimeona kwamba la kuwatia moyo sina. Ninalo la kukataa. Hilo ndilo nitakaloandika, na msimamizi asipolipenda ana kalamu yake.

Habari za vyeo nitaziruka. Vyeo hupewa watu wa kila aina, na baadhi yao nimewahi kuwa chini yao.

Nilikuja Doha kumtunza bibi mmoja mgonjwa katika nyumba ya familia huko Al Rayyan. Bibi alipofariki, Mkenya mwenzangu aitwaye Nekesa, muuguzi kutoka Bungoma ambaye tulikuwa tukisali pamoja, alinisemea hospitalini kwao nikachukuliwa kuwa msaidizi wa wauguzi. Msaidizi ndiye anayewaogesha wagonjwa kitandani, anayebadilisha shuka na nepi, anayesukuma viti vya magurudumu na kuchota maji. Sare yetu ilikuwa ya kahawia, na ya wauguzi ilikuwa ya buluu. Niliivaa ile ya kahawia miaka mingi na niliivaa vizuri, imepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono. Lakini kila nilipopeleka maji kwenye kitanda kisha nikaambiwa nisogee, nilisogea kidogo tu, nikabaki nikitazama.

Aliyestahili kutazamwa zaidi alikuwa Nekesa mwenyewe. Hakuna aliyemshinda kuweka kanula, yaani ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa ili dripu ipite. Akikutana na mgonjwa ambaye mishipa yake imejificha, hakuanza kumtoboatoboa. Aliniita: "Wakio, niletee maji ya moto." Mkono wa mgonjwa uliwekwa ndani ya beseni ukapata joto, na baada ya muda mshipa ukainuka wenyewe. "Mshipa haulazimishwi," alipenda kusema. "Unabembelezwa." Nilibeba mabeseni mengi ya kanula za watu wengine, na sikuona kinyongo, maana nilikuwa najifunza bure.

Nilipofika umri ambao wenzangu walikuwa wameanza kuzungumzia kurudi nyumbani kujenga, niliomba nafasi chuo kikuu kusomea shahada ya uuguzi, nikapata. Mama yangu sikumwambia. Yeye alikuwa ameshawatangazia watu wa Wundanyi kwamba mimi ni nesi tangu siku niliyopanda ndege, na sikutaka kumharibia.

Siku ya kwanza nilifika getini na begi jipya. Mlinzi alikuwa kijana wa Kisii. Aliniangalia, akaangalia viatu vyangu, akaninyooshea mkono kando.

"Mum, wafanyikazi wanapitia ule mlango wa nyuma."

"Mimi ni mwanafunzi."

"Wa nini?"

"Wa uuguzi."

Akafikiri kidogo. "Haya, pita. Lakini ukiulizwa, usiseme ni mimi nimekuruhusu."

Nilipita mbele. Mlango wa nyuma wa chuo kile sikuujua mpaka namaliza masomo, na hiyo ilikuwa nadhiri yangu mwenyewe, ingawa kituo cha basi kilikuwa upande huohuo wa nyuma. Kila asubuhi nilizunguka ukuta wote kwa miguu, hata katika lile joto la Agosti linalopita kwenye soli za viatu, ili niingie getini kama wenzangu. Yule mlinzi alizoea kunipungia mkono. Nadhani aliniona mwehu.

Darasani nilikuwa mkubwa kuliko walimu kadhaa. Wenzangu walikuwa mabinti waliotoka shule moja kwa moja. Wawili ndio niliowazoea. Noora alikuwa binti wa Kiqatari, mpole, mwenye abaya iliyonyooka kuliko shuka zangu zote. Achieng alizaliwa hapahapa Doha, baba yake alikuwa akifanya kazi ya kompyuta, na Kiswahili chake alikijifunza kwa kusikiliza simu za wazazi wake. Aliniita anti. Tulifanya mazoezi kwenye sanamu la plastiki lenye mishipa ya mpira, na hapo kila mtu alikuwa bingwa. Sanamu halitetemeki, halina mtoto wake anayekukodolea macho, na ukilikosa halilii.

Nyumbani nililitafutia mwenzake. Chumba changu nilikuwa nashirikiana na Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari aliyekuwa akitandika vyumba katika hoteli moja ya kule ufukweni. Nilimpima presha kila siku jikoni huku akikaanga vitumbua.

"Unanipima au unanikaba?" alikuwa akiuliza.

"Tulia, Bi Zuwena."

"Nishatulia, mwanangu. Huo mpira wako ndo hautulii."

Alikuwa na miguu iliyovimba jioni, na kwa kuisoma miguu yake nilielewa somo la mzunguko wa damu kuliko kwenye kitabu. Nilimwambia ajipumzishe kwa kuiinua ukutani. Akanijibu kwamba vyumba vya hoteli havitandikwi kwa mtu kulala chali. Jibu hilo nililipeleka darasani kama lilivyo.

Shida yangu ilianzia wodini. Wakati wa mafunzo kwa vitendo ulipofika, chuo kilitugawa, na mimi, Noora na Achieng tukapelekwa wodi ya wanawake katika hospitali ileile niliyokuwa nimefanyia kazi. Sare ya mwanafunzi ilikuwa nyeupe juu na kijivu chini. Nilijitazama kwenye kioo cha lifti nikafurahi peke yangu. Mlango ukafunguka, na aliyekuwa msimamizi wa zamu alikuwa Nekesa.

Alinikumbatia kwa furaha ya kweli. Kisha, kabla sijaweka begi chini, akaniambia, "Wakio, my dear, kitanda cha dirishani kimechafuka. Nisaidie chapchap, hawa wengine hawawezi."

Nikaenda. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mgonjwa alikuwa amelala kwenye uchafu, na mimi mikono yangu ilijua. Niliporudi, mkufunzi wetu Bi Rima, mwanamke wa Kijordani asiyependa maneno mengi, alikuwa amekwisha kumsimamia Achieng kufunga kidonda. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Wenzangu walipokuwa wakichoma sindano za kwanza, mimi nilikuwa nasukuma gari la shuka. Nekesa hakuwa mbaya. Ningependa muelewe hilo, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumkataa. Yeye aliona sura yangu akaona msaada umekuja, na sare yangu hakuiona kabisa. Tena alikuwa na haki yake juu yangu, maana ndiye aliyenitoa kwenye nyumba za watu. Mara nyingi aliponituma alianza na "dada yangu", na mimi neno hilo lilikuwa linanimaliza.

Siku moja Bi Rima aliniita pembeni. "Kila nikikutafuta, hupo," akasema. "Sijakuona ukiweka kanula hata moja. Mwanafunzi nisiyemwona siwezi kumpima, na nisiyempima amefeli."

Nilitaka kueleza, akaninyamazisha kwa kiganja. Maelezo alikuwa ameyasikia maisha yake yote.

Hapa ndipo mnapaswa kujua kilichokuwa hatarini. Kazi yangu ya usaidizi nilikuwa nimeiacha, na nafasi yangu ilishapata mtu. Kibali changu cha kuishi Qatar kilikuwa chini ya chuo. Kwa kanuni za wakati huo, aliyefeli wodini aliondolewa chuoni, na akiondolewa chuoni kibali kinafutwa. Ningerudi Wundanyi si nesi wala msaidizi, kwa mama aliyekuwa akiniita nesi sokoni. Niliogopa sana. Nasema wazi kwa sababu wanafunzi huniambia mimi sikuwahi kuogopa.

Bi Zuwena alinisikiliza huku akimenya vitunguu.

"Kataa," akasema.

"Na mgonjwa alale kwenye mavi?"

"Miye sijasema hivo. Mgonjwa hajakwambia uache skuli. Alokwambia ni yule shoga yako."

"Ndiye aliyenipa kazi, Bi Zuwena."

"Kakupa kazi. Hakukununua." Akanisogezea vitunguu vilivyobaki nimalizie, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mwanamke mzee wa Kiqatari, ambaye wodi nzima ilimwita Yumma Latifa, yumma likiwa ni neno la hapa la kumwita mama. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja na maneno yote. Binti yake alishinda kando ya kitanda na chupa ya gahwa, kahawa ya Kiarabu, na sahani ya tende, na hakuna aliyepita bila kumiminiwa kikombe. Mishipa ya Yumma ilikuwa imekwisha kwa sindano. Siku iliyotangulia walijaribu na kujaribu, mkono ukabaki na madoa ya buluu, na binti alikuwa ameacha kumimina gahwa.

Asubuhi ile kanula yake ilikuwa imeziba, na palepale akachafuka. Bi Rima alikuja na trei. Noora na Achieng walikuwa nyuma yake. Nekesa akafungua pazia, akaniona.

"Afadhali," akasema. "Wakio, msafishe haraka, peleka shuka, halafu Achieng ataweka kanula."

Mimi mwenyewe nilishangaa sauti yangu ilivyotoka imetulia.

"Nitamwogesha," nikasema. "Lakini siondoki na shuka. Tutamwogesha sote watatu, kwa sababu sote ni wanafunzi. Na kanula nitaweka mimi."

Nekesa alinijibu kwa Kiswahili, taratibu, ili Bi Rima asielewe.

"Dada, unaniaibisha mbele ya watu wa chuo?"

"Sikuaibishi, Sista. Nakuambia mimi leo ni mwanafunzi."

"Mimi ndiye nilikutoa kwa nyumba ya watu. Sasa umeanza kujiona."

"Ndiyo," nikasema. "Nimeanza. Nilikuwa nimechelewa."

Bi Rima hakuelewa lugha, lakini hakuna anayehitaji kamusi kwa nyuso za namna ile. "Hapa hatufanyi mkutano," akasema. "Mgonjwa anasubiri."

"Ndiyo maana tuanze," nikamjibu.

Bi Rima alinisogezea trei. "Mshipa huu umewashinda wauguzi. Ukiukosa, utatoka wodini leo na sitakurudisha. Unanielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa. Ilikuwa kweli. Ningeweza bado kuchukua shuka, nikaenda zangu, nikasubiri mgonjwa mwingine mwenye mishipa minene. Siku za mafunzo zilikuwa zinakwisha, na mgonjwa huyo nilijua hatakuja, kwa sababu atakapokuja nitakuwa nimetumwa. Nikaenda kuchota maji.

Achieng alivaa glavu huku uso umemkunjamana. "Anti, mimi hata nyanya yangu sijawahi kumwosha," akaninong'oneza. "Nitamwumiza."

"Shika hapa begani. Usimvute, mzungushe."

Tulimgeuza, tukamsafisha, tukabadilisha maji. Noora hakujua pa kuweka mikono, basi nilimwomba aongee. Akamwinamia Yumma Latifa na kumweleza kwa Kiarabu cha kwao kila tulichokuwa tukifanya, sasa tunaosha mgongo, sasa mguu, sasa tunakufunika, samahani yumma. Mimi niliwaogesha wagonjwa miaka mingi kwa ukimya na tabasamu, nikidhani inatosha. Mabega ya yule mama yalilegea kwa sauti ya Noora, na nikaona kilichokuwa kimepungua kwenye kazi yangu siku zote.

Mkono wake ule usiopooza niliuacha mwisho. Nilimimina maji mengine, ya moto kidogo kuliko ya kuogea, nikauweka ndani ya beseni mpaka juu ya kifundo. Bi Rima akaangalia saa yake iliyobandikwa kifuani. Nekesa alikuwa amesimama penye pazia, mikono imefungwa, na nilijua kwamba yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyeelewa ninachosubiri.

Tuliusubiri. Mshipa ukaja. Haukuwa mkubwa, ulikuwa mstari wa kijani chini ya ngozi iliyopauka, ukipinda karibu na kidole gumba. Nilikausha, nikafunga mpira, nikapaka spiriti. Niliuegemeza mkono wangu kwenye godoro. Nikaingiza sindano. Damu haikuonekana. Nilisikia Achieng akivuta pumzi. Mtu akikosa, hamu yake yote ni kuchimba. Sikuchimba. Nilirudi nyuma kidogo sana, nikainamisha ncha, nikasogea tena, na damu ikaja polepole kwenye mrija, nyeusi, kidogo. Nikasukuma kanula, nikafungua mpira, nikabandika plasta. Dripu ikaanza kudondoka.

Bi Rima aliikagua dripu, akaukagua mkono, akanikagua mimi. "Nani alikufundisha jambo la maji?"

"Sista Nekesa," nikasema.

Nilitegemea nikigeuka nitamkuta. Pazia lilikuwa linacheza, mwenyewe ameshaondoka. Binti wa Yumma alinyanyuka, akamimina gahwa kwenye vikombe vidogo, akaanza na mimi.

Tangu siku ile Bi Rima aliniona kila mahali, na alinionea kidogo pia, akinipa zile kazi ambazo wengine walizikwepa. Nilifaulu. Siku ya kuhitimu nilipita getini na joho, yule mlinzi wa Kisii akasimama wima akanipigia saluti, kisha akaniuliza kama naweza kumtazama goti lake. Mama yangu sikuwa na cha kumwambia, kwa hiyo nilimpigia simu nikamwambia tu kwamba kazi inaendelea vizuri.

Nekesa hakunisemesha tena, ila kwa habari za wagonjwa. Nilipangiwa wodi yake nikiwa tayari na sare ya buluu, tukawa tunakabidhiana zamu mwaka baada ya mwaka: kitanda hiki amekula, kitanda hiki hajalala, kitanda hiki chunga presha. Alikuwa muuguzi wa kuaminika na sikuwahi kurudia kukagua alichonikabidhi. Kanisani alibadilisha benchi. Wakenya wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud walisema Wakio amepanda juu, hasalimii, na waliosema hivyo ndio walikuwa hawanisalimii. Iliniuma. Niliiacha iume, kwa sababu dawa ya maumivu hayo ilikuwa kuomba radhi, na radhi sikuwa nayo ya kuomba.

Baadaye nilipewa wanafunzi niwafundishe mimi. Niliweka sharti moja: kwenye kundi langu hakuna anayeshika sindano kabla hajamwogesha mgonjwa wake, awe mtoto wa nani, na hakuna anayetumwa shuka wakati wenzake wanafunzwa. Nimelalamikiwa. Nimeitwa ofisini. Mzazi mmoja alitaka kujua kama binti yake amekuja kusoma au kufua. Nilimkaribisha aje atazame, hakuja. Sharti hilo nimestaafu nalo, na atakayeliondoa aliondoe mimi nikiwa nimeshavuka bahari.

Limebaki moja. Miezi michache kabla ya keki, Nekesa alifanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo, akalazwa wodini kwetu. Nilipofika na wanafunzi asubuhi, niliambiwa kanula yake imetoka na kwamba hajaoga kwa sababu ya kidonda. Wanafunzi niliwaacha nje ya pazia. Niliingia na beseni.

Alikuwa amelala ubavu, nywele zote mvi, ambazo kwenye kilemba cha kazi sikuwa nimeziona. Akalitazama beseni, akanitazama mimi.

"Tuma msaidizi," akasema.

"Msaidizi ana wagonjwa wake. Huyu ni wangu."

"Na mkono?"

"Mkono baadaye. Nimeleta maji ya kutosha."

"Yawe moto," akasema. "Mishipa yangu ni migumu siku hizi."

"Najua. Haitalazimishwa."

Nilikamua kitambaa, nikavuta shuka mpaka kiunoni. Nje ya pazia mmoja wa wanafunzi wangu alicheka, mwenzake akamnyamazisha. Nekesa alikuwa bado ananitazama.

"Na wewe," akasema, "bado unajiona?"

"Bado."

Akakishika kidonda chake, akageukia ukutani polepole, akanipa upande mwingine.

"Haya," akasema. "Anza na mgongo."